Upepo wa Sura ya Tisa

6 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza na shikamoo na mimi siku hizi sina subira. Hapa hatujambo. Mkazamjomba wako magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Juzi kamfukuza fundi bomba kwa maneno matupu, na bomba bado linavuja. Macho yangu ndiyo hayo. Katikati kumejaa ukungu, pembeni naona. Nikitaka kuuona uso wa mtu lazima nimtazame sikio. Daktari amesema hayatarudi, ila hayataisha yote. Barua hii naipiga chapa kwa mazoea. Miaka thelathini na mmoja ya ukarani wa mahakama haikupotea bure, vidole vinajua njia. Ukinijibu, andika herufi kubwa kama za bango la duka, nitazisoma kwa lenzi mstari kwa mstari. Usinipigie simu kwa jambo hili. Kwenye simu mkazamjomba wako hukaa ubavuni, na mwishowe anajibu yeye.

Sasa jambo lenyewe. Kile kitabu changu, ambacho watu walinunua nakala mia mbili na mchwa wakala zilizobaki, kuna kampuni inataka kukifanya kitabu cha kusikiliza. Wameniletea sura tatu za majaribio, zimesomwa na mtangazaji mmoja wanayemwita Sauti ya Dhahabu. Nimezisikiliza mara mbili. Sauti ni nzuri kweli. Ukiisikia unatamani kwenda kununua sabuni. Lakini mvua ikinyesha anaisoma kama tangazo la msiba. Kwenye mzaha anatua kwanza, anatungoja tucheke. Wanawake wote anawasemea puani. Nilikaa siku mbili nikiamini kuwa niliandika kitabu kibaya, chakula hakipiti. Kisha nikakumbuka kwamba hata hukumu ya haki, ikisomwa na karani mwenye mafua, hakuna anayeielewa.

Kazi hii ni yako. Umesoma studioni vitabu vya watu baki zaidi ya arobaini. Soma na cha mjomba wako.

Mjomba


9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini herufi hizi zinatosha; nimetumia kalamu ya kuandikia maboksi. Pole kwa macho. Mpe pole mkazamjomba kwa magoti, na fundi bomba kwa masikio yake. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine ghorofa ya tatu, chini kuna karakana ya milango ya chuma, kwa hiyo mchana nyumbani hapakaliki na studio ndiyo imekuwa mapumziko yangu.

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa kwenye kitabu cha ufugaji nyuki, saa kumi na moja za kusikiliza. Ungeniona ungecheka. Chumba kama kabati la nguo, feni hairuhusiwi kwa sababu inaunguruma, hereni marufuku, na tumbo likilia tunarudia sentensi nzima. Fundi mitambo ni mtu wa maneno kumi kwa siku. Yuko upande wa pili wa kioo, anabonyeza kitufe, anasema, "Tumbo." Nami narudia nyuki.

Huyo Sauti ya Dhahabu namfahamu, ni mtu mwema, ndiye aliyenionyesha kazi. Shida yake anajisikiliza. Msomaji akianza kujisikiliza, yule mwenye kitabu sikioni anabaki peke yake. Wapo na wengine, wanaosoma kama wanakimbizwa na mbwa, na wanaolia kabla mtu wa kitabuni hajalia. Kwa hiyo hukukosea, wala kitabu chako si kibaya.

Lakini mimi siwezi, Mjomba. Ratiba imenibana hadi katikati ya mwaka. Na sauti yangu ni ya vitabu vya maarifa: nyuki, kisukari, historia ya reli. Riwaya inataka mtu mwingine. Yuko dada mmoja hapa anasoma riwaya vizuri sana, nitakuunganisha naye. Usinifikirie vibaya.

Mpwa wako


18 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika, nimeisoma asubuhi nzima mpaka jicho likaanza kutoa machozi. Mkazamjomba wako akaniuliza nani kafa. Nikamwambia nyuki.

Tangu macho yaanze kunikimbia nimesikiliza vitabu ishirini na sita. Kimojawapo ni kile nilichokipenda tangu ujana, nilikisoma mpaka jalada likatoka. Alikisoma kijana mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Sikuvuka sura ya pili. Kitabu ni kilekile, maneno ni yaleyale, nami nilikasirika kama mtu aliyekuta nyumba yao ya zamani imegeuzwa ghala. Halafu kuna kingine ambacho mada yake haikunihusu ndewe wala sikio. Nilikiweka kwa kusogeza muda tu. Chai ikapoa, mgeni akabisha nikajifanya sipo. Msomaji alikuwa hasukumi wala havuti, alikuwa ananiambia tu, kama mtu aliyekaa kiti cha jirani. Kitabu hicho ni historia ya reli. Nilishuka nawe kila stesheni.

Kwa hiyo hilo la sauti liondoe. Ratiba nayo naweza kuingoja: kampuni wamenipa mpaka mwisho wa Septemba. Mtangazaji nimemkataa kwa heshima zote, na huyo dada yako simtaki. Kama kuna sababu nyingine, iseme. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mjomba


20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hali yangu nzuri. Karakana chini imepata kazi ya milango ya shule nzima, kwa hiyo naandika nikiwa nimeziba masikio kwa pamba.

Ulisema niseme, nasema. Jumamosi iliyopita fundi mitambo alinipa saa mbili za studio bila mtu kujua. Nikasoma sura ya kwanza ya kitabu chako. Ilikwenda yenyewe, Mjomba. Lile soko linaloungua unalisikia likiungua, sikulazimika kufanya kitu. Fundi akainua kidole gumba, na huyo hana tabia ya kuinua chochote. Ningesimama hapo. Lakini nikaruka moja kwa moja hadi sura ya tisa, na nilijua nitaruka tangu niliposhuka ngazi za nyumbani.

Wewe na mimi tunajua mwanamke wa sura ya tisa ni nani. Ni dada yako. Ni mama yangu, aliyeniacha kwenu nikiwa na miaka minne akasema anarudi baada ya wiki mbili. Nilikisoma kitabu chako nikiwa na miaka kumi na mitano, nimejifungia bafuni, na sikukuambia. Nawe hukuniuliza, ingawa nakala iliyokuwa rafuni ilirudi imelowa.

Umeandika hivi: "Alimtazama mtoto akicheka uani, kisha upepo ukalifunga geti, naye akageuka akaenda zake bila kubisha." Nilijikwaa kwenye sentensi hiyo. Nikarudia, nikajikwaa palepale. Mara ya tatu fundi akabonyeza kitufe, akasema, "Huo upepo una nini?" Nikasema koo limekauka.

Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiliwaza geti lenu. Lile geti lilikuwa linakwaruza sakafu ya saruji. Wewe mwenyewe ulikuwa unalisukuma kwa bega, na mkazamjomba alikuwa anatuita wawili tumsaidie. Upepo gani ule?

Nataka kujua jambo moja. Ulilibuni, au aliwahi kuja?

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mvua imekuwa nyingi, paa la jikoni limeanza tena. Mkazamjomba wako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Kuhusu swali lako, kile kitabu ni riwaya. Mwandishi huchukua geti la huku na upepo wa kule. Ukiusaka ukweli kila mstari hutasoma hata ukurasa. Soma kama ilivyoandikwa, kama unavyosoma nyuki. Hujawahi kuwauliza nyuki kama kweli wanatengeneza asali.

Mjomba


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nakula.

Nyuki sihitaji kuwauliza kwa sababu hawakuniacha getini.

Wewe umesikiliza vitabu ishirini na sita, basi utanielewa. Mwanamke wa sura ya tisa ana sentensi tano tu za kusema katika kitabu kizima. Kila kitu kingine juu yake kiko mikononi mwa msomaji. Nikimsoma kama mtu asiyejali, atakayesikiliza atamchukia mpaka kitabu kiishe, na hutaweza kumtetea kwa sababu hutakuwapo sikioni mwake. Nikimsoma kama mtu aliyekuja akashindwa, nitakuwa nimemsamehe kwa mdomo wa kukodi. Mimi na Mama tunapigiana simu mara mbili kwa mwaka, tunaulizana mvua, tunaagana. Miaka yote hiyo nimekuwa naye hivyo kwa sababu moja tu: ulinikalisha jikoni ukaniambia hakuja hata siku moja. Nilikuuliza mara nyingi, ukajibu hivyohivyo mara zote.

Kwa hiyo sitasoma kama ilivyoandikwa. Niambie, au mpe Sauti ya Dhahabu. Yeye upepo hautamsumbua.

Mpwa wako


24 Juni

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Mkazamjomba wako ameona karatasi kwenye pipa akasema kwa macho yangu yalivyo ni haki yangu kuharibu. Sikumkosoa.

Alikuja.

Ilikuwa imepita mwaka mmoja na miezi miwili tangu akuache. Mwanzoni ulikuwa unasimama getini kila siku, unashika vyuma, hatukuweza kukutoa pale bila kelele. Kula ilikuwa vita. Kisha polepole ukatulia. Siku aliyokuja ulikuwa umefikisha wiki tatu bila kumuulizia, nami nilikuwa nimezihesabu. Mkazamjomba wako alikuwa amekwenda sokoni. Unajua kwamba sisi hatukujaliwa mtoto. Siku hizo alikuwa ameanza kuimba tena akifua.

Nikasikia hodi. Nikatoka, nikamkuta dada yangu amekonda, ana begi moja. Hakuwa na pa kukaa, aliniambia mwenyewe. Kazi aliyoiendea ilikuwa imeota mbawa. Lakini alikuja kukuchukua. Nikamwambia, "Mtoto amelala. Amekwisha kuzoea. Ukimtoa leo utamvunja mara ya pili. Rudi ukishapata mahali." Akasema hakutaka kukuamsha, alitaka kukuona tu. Nikamwambia hapana. Nikalisukuma geti kwa bega, nikalifunga yeye akiwa nje. Na kweli ulikuwa umelala.

Hakurudi. Nadhani alinisadiki kwamba angekuvunja. Baada ya miaka akapata mahali, akapata na cherehani yake, lakini wewe ulikuwa umekwisha kuambiwa kuwa hakuja, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulirudisha neno. Ulipoanza kumwita "yule", niliumia, nikanyamaza. Mkazamjomba wako hajui mpaka leo.

Nilipoandika kitabu nilidhani nakiri. Nikafika kwenye geti, nikaandika upepo. Na nilikutaka wewe usome kwa sababu hii, acha niiseme yote: nilidhani ukiusoma upepo ule kwa sauti yako, nitakuwa nimesamehewa bila kuomba.

Ukurasa mpya uko ndani ya bahasha. Nimeutoa upepo, nimejiingiza mimi. Fanya nao utakavyo.

Mjomba wako


2 Agosti

Mwanangu,

Wiki ya sita sasa. Kila nikisikia pikipiki ya posta natoka, na mtu wa posta amechoka kunitikisia kichwa. Ameanza kusema kwa sauti, "Leo hamna, mzee," kwa sababu amegundua sioni anapokitikisa.

Nimemwambia mkazamjomba wako. Alikwenda akakaa chumbani ulimokuwa ukilala, akatoka jioni, akapika, akanipakulia, akanisogezea sahani mpaka mkono ukaigusa. Tangu hapo ananisemesha mambo ya lazima tu. Magoti yamemzidi.

Sikuulizi utasoma au hutasoma. Nataka kujua uko salama.

Mjomba


30 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Niko salama. Nisamehe, sikuweza kuandika. Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nikaingia studio kusoma kitabu cha kisukari, na kwa siku nne fundi mitambo alikuwa akinirudisha nyuma kila ukurasa. Siku ya tano hakubonyeza kitufe. Alizunguka akafungua mlango, akasema niende popote ninapotakiwa kwenda, mashine zitaningoja. Nilihesabu: yalikuwa maneno zaidi ya kumi.

Nikaenda kwa Mama. Ni saa sita za basi na sikuwa nimewahi kuzisafiri. Ana kibanda kati ya kinyozi na duka la vipuri, anashona sare za shule. Nilimkuta ana milima ya sketi za buluu pande zote mbili. Akaniangalia, akanionyesha kigoda kwa kidole, akamaliza mshono aliokuwa ameuanza. Simu imetuzoesha mvua, na siku hiyo haikunyesha. Nikatoa ukurasa wako nikamwambia kaka yake ameandika kitu, nataka kumsomea.

Akasema, "Soma kwa nguvu, cherehani ina kelele," akaendelea kukanyaga.

Mjomba, nimesoma mbele ya maikrofoni miaka tisa. Sijawahi kusoma vibaya kama siku ile. Nilikimbia, nilimeza maneno, pumzi iliisha katikati ya sentensi. Nilifanya yote ninayowalaumu wengine. Nilipofika pale ulipoandika kuwa alivaa koti la kijani, Mama akasema bila kuinua kichwa kwamba hajawahi kuwa na koti, na kwamba watu wanaoandika vitabu wangekuwa wanauliza mafundi nguo kwanza. Nikaendelea. Nikafika kwenye hodi. Nikafika kwenye begi. Nikafika unaposema, "Mtoto amelala."

Cherehani ikasimama.

Kinyozi wa jirani alikuwa anabishana na mteja juu ya ndevu, nami nikawa nawasikiliza wao ili nisimtazame yeye. Kisha akaniambia nirudie sentensi hiyo. Nikairudia.

"Hakuwa amelala," akasema. "Alikuwa ndani anasoma kopo la maziwa. Maandishi yote ya ubavuni, moja moja, kwa sauti kama yuko mkutanoni. Akikosea anajirudisha mwanzo. Mjomba wake ananiambia amelala na mimi namsikia, na yeye anaona kwamba namsikia. Geti lilipofungwa sikuondoka. Nilisimama pale nje mpaka akalimaliza kopo zima."

Nikamuuliza kwa nini hakuita. Angeita, ningetoka mbio.

Akasema, "Ulikuwa unasoma vizuri. Mimi sikuwa na hata kopo."

Akakanyaga pedali. Tukakaa hivyo mpaka sketi zikaisha upande mmoja. Nililala kwake siku tatu. Hatukuongea mengi zaidi ya hayo. Nilimsaidia kukata nyuzi na kupachika vifungo, na vifungo vyangu vingi alivifumua. Siku ya kuondoka aliniambia ninasoma kwa haraka.

Mkazamjomba nitampigia mwenyewe. Mwambie asikae ubavuni mwa mtu, hiyo itakuwa simu yake. Kwako nina hasira ambayo bado sijaijua ukubwa, na sitaki kukudanganya kuwa imekwisha. Lakini nimechukua studio wiki nzima kuanzia tarehe 11 Septemba. Nitasoma kitabu chote, na huyo mwanamke nitamsoma ninavyomjua sasa.

Ila ukurasa uliotuma siusomi. Ondoa koti. Ondoa pale uliposema mtoto amelala na kweli alikuwa amelala. Liweke kopo la maziwa, na umweke nje ya geti akisikiliza mpaka mwisho, na wewe ndani ukijua kuwa yupo. Piga chapa upya, unitumie kabla ya tarehe kumi.

Mpwa wako